Upande wa Pili wa Shuka

Nyumbani kwa kaka yako,
Jumapili, baada ya ibada.

Mpendwa wifi yangu,

Nakusalimu kwa jina la Mungu aliyetufanya ndugu bila kutuuliza. Hujambo? Mguu uliokuwa ukivimba umepoa? Shemeji na watoto wazima? Sisi tunapumua. Kaka yako anakoroma kama zamani, na bado anabisha kwamba hakoromi.

Wifi, nilikuambia nimeachishwa udobi pale hotelini kwa sababu wageni wamepungua. Haikuwa hivyo. Hii uisome ukiwa peke yako.

Mashuka ya hoteli hayakunjwi na mtu mmoja. Mnashika wawili, huyu pembe zake na yule zake, mnanyoosha, kisha mnasogeleana hadi mikono ikutane. Mwenzangu alikuwa yule mpiga pasi mcheshi niliyekusimulia. Msimamizi wetu, tunayemwita Marashi kwa kuwa unamnusa kabla hujamwona, akaanza kumtuma mwenzangu huku na kule, halafu anashika yeye upande wa pili. Mikono ikikutana haachii. Maneno aliyoninong'oneza siyaandiki, kalamu yenyewe itaona haya. Mimi mwenye wajukuu!

Nilimwomba Mungu amhamishe. Alipochelewa, nikaenda kwa meneja. Akanitazama kuanzia kilemba hadi viatu, akacheka: "Mama, na umri huo? Si ushukuru!" Ardhi ingepasuka, ningeingia mwenyewe.

Wiki ile ile nikahamishiwa kwenye mashuka machafu, chumba kisicho na dirisha. Wenzangu wakaniepuka kama ukoma. Nikipita nasikia wakinitaja kwa jina lao la utani, "Mama Sala naye, kumbe ana mambo!" Haukupita muda nikaambiwa nafasi yangu haipo tena. Kumbe ipo, kapewa mwingine.

Mpiga pasi ndiye aliyenishika mkono hadi kwa mwanasheria wa chama cha wafanyakazi. "Dada, ukinyamaza, kesho ni zamu yangu," aliniambia. "Na mimi unanijua, nitamng'ata, nifungwe bure." Tukacheka, tukalia. Kesi imefunguliwa, ya kunisumbua na ya kunifukuza kwa sababu nilisema. Itasikilizwa mwezi huu, na nitatakiwa kuyatamka maneno yale yote mbele ya hakimu. Hoteli nayo imetuma mtu: nikiondoa kesi narudishiwa kazi, na hakuna atakayejua. Hakuna atakayejua, wifi! Hapo nilikaribia kukubali.

Maana aibu inayonila hasa ni ile ya mbele ya kaka yako. Tangu tuoane, mashuka yetu tunakunja pamoja. Ndio mchezo wetu, mikono ikikutana hakosi neno la kunichekesha. Tangu yale yaanze, nikawa nakunja peke yangu kitandani. Akija kushika, nasema acha, nimemaliza. Akadhani nimemchoka. Akaanza kukohoa mlangoni kabla ya kuingia, kama mgeni nyumbani kwake.

Nilitaka nikuombe wewe umwambie, kwa kuwa ni damu yako. Jana nikakaa kuandika. Kuinua macho, namwona uani anahangaika na shuka letu peke yake, pembe zinaburuta vumbini. Nikatoka, nikaziokota. Nikamweleza yote, macho yangu yakiwa kwenye shuka.

Nikangoja asogee kama zamani. Hakusogea. Alisimama pale pale, machozi yanamtoka, akasema, "Njoo wewe, mke wangu, ukitaka. Usipotaka tutalikunja hivi hivi kwa mbali, litoke litakavyotoka."

Limetoka ovyo, wifi. Limo kabatini limevimba kama mto, na sitaki mtu alinyooshe.

Aibu bado ninayo, sikufichi. Hata leo kwenye ibada sikuinua uso. Lakini yule mtu wa hoteli nimemrudisha na maneno yake. Utuombee.

Mpe shemeji salamu, na mama mkwe wako, na yule kitinda mimba wenu mtundu. Mungu akufunike wewe na nyumba yako, asiruhusu mtu akuguse kwa ubaya.

Nilisahau. Siku ya kesi kaka yako atakaa benchi la mbele. Nilimsihi azibe masikio nikifika kwenye maneno yale. Amekataa. Anasema niliyasikia peke yangu, inatosha.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye,
Mke wa kaka yako.