Nilifuta 'Kari' Nikabakiza 'Kali'

Senge Edinah,

Nakuita senge kama wasomaji wenzangu wa Bungoma, ingawa kwetu Kachibora shangazi tunamwita tata, na nakuomba unisikilize hadi mwisho kabla hujanichukia. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, nimeolewa, nafanya kazi ya kompyuta katika shirika dogo la afya hapa Kitale, na kazi yangu ni kutunza jedwali la maamuzi, nalo nikueleze kwa urahisi: ni jedwali tunalolichora ndani ya programu, upande wa kushoto tunaandika dalili za mtoto, upande wa kulia tunaandika la kufanya, na mhudumu wa afya kijijini akituma dalili kwa simu yake, programu inasoma mistari kutoka juu kwenda chini, mstari wa kwanza unaofanana na maneno yake ndio unaomjibu, na kusipokuwa na unaofanana anaangukia ule wa mwisho kabisa, unaosema mtoto apewe dawa ya homa na atazamwe nyumbani siku mbili.

Jedwali hilo alilitengeneza Wanjala, mwenzetu wa Bungoma, ambaye mwezi wa pili alipata kazi kwingine akaniachia. Siku ya kwanza kulifungua nilikuta 'homa kali, hospitali sasa hivi' na chini yake 'homa kari, hospitali sasa hivi', nikakuta 'kulegea' na 'kuregea', 'kuhara' na 'kuhala', mistari tisa ya namna hiyo, nikacheka, senge, nikacheka hadi nikamwita Khisa wa meza ya pili aje aone jinsi watu wa kwao wanavyoandika, naye akatabasamu tu akarudi kazini. Nikaifuta yote tisa, ati nasafisha. Halafu nikajaribu jedwali kwa maneno yangu mwenyewe yaliyonyooka, likajibu vizuri kila mara, nikaenda kunywa chai.

Si kwamba nawadharau, ama pengine ni dharau na sijui, kwa sababu mimi mwenyewe shuleni walinicheka miaka mitatu kwa kusema 'rori' na 'karamu', nikalia sana, nikajifunza kunyoosha kila herufi hadi watu wakawa hawawezi kujua nimetoka kabila gani, na tangu hapo nikiona l na r zimebadilishana mkono unaniwasha.

Mwezi wa tatu nilienda Misikhu kuwafundisha wahudumu katika ukumbi wa kanisa, na kwa mdomo wangu huu nikawaambia wasibishane na simu, kwamba simu imesoma kuwashinda. Hapo alikuwepo Mama Nakhumicha, mwenye miaka kumi na miwili katika kazi hiyo, akaandika maneno yangu kwa daftari. Mwezi wa tano aliitwa kwa jirani yake Dinah, mtoto wa Dinah anaitwa Joy, ana miaka minne, alikuwa anachemka mwili wote na shingo haishiki, Mama Nakhumicha akatuma dalili, simu ikamwambia angoje siku mbili, akatuma tena, ikarudia vilevile, akaketi na yule mtoto akingoja kwa sababu mimi nilimwambia asibishane. Kesho yake mchana degedege likaanza. Hospitalini walisema malaria imepanda kichwani, Mungu akatuachia mtoto, lakini Joy hasikii tena, Dinah anagonga sufuria nyuma yake na hageuki.

Mkubwa wetu, Bwana Sifuna, aliitisha mkutano, na wote wakakubaliana kwamba mhudumu ndiye aliyechelewa. Mama Nakhumicha alisimama na skafu yake ya kanisa akasema, 'Niliandika homa kari, nikaandika ameregea. Simu ndiyo ilisema tungoje.' Hakuna aliyemjali. Mimi nikajua palepale, na nikaendelea kuandika kumbukumbu za mkutano hadi mahali walipoamua anyang'anywe mkoba wa dawa na simu ya kazi. Baadaye nilifungua ujumbe wake. Ameandika 'kari' mara mbili, na kwa programu 'kari' na 'kali' ni vitu viwili, kama ndizi na nyundo.

Leo ni siku ya kumi na moja tangu mkutano ule. Nasikia majirani hawamwiti tena, hata akisalimia wanajibu wakiwa wanatembea. Mistari ile sijairudisha, senge, kwa sababu programu inaweka jina la kila anayebadilisha kitu, siku na saa, na nikiirudisha leo wataniuliza ilienda wapi. Mume wangu Hiram anasema ninyamaze, mtoto yu hai, upepo utapita. Siwezi kula. Nifanye nini?

Wamboi, Kitale

*

Wamboi,

Nilipofika pale unaposema mistari haijarudishwa, niliweka barua chini nikapiga namba uliyoiandika. Wewe unajua nilichokwambia, basi na wasomaji wajue: nilikwambia ufungue kompyuta nikiwa kwenye simu, uandike 'kari', uandike 'kuregea', mpaka wa tisa. Ilichukua dakika kumi na nne. Ulilia, nikangoja umalize, tukaendelea. Siku kumi na moja, wewe ukijua, watoto wa Misikhu na vijiji vingine walikuwa wakiangukia mstari wa mwisho kwa sababu uliogopa kazi ya dakika kumi na nne. Hilo nimekasirika nalo kuliko kule kufuta, na sitakuficha.

Kufuta ni kosa la mtu aliyeumia. Nimekusikia kuhusu shule. Mimi nimezaliwa Bungoma, nilipigwa rula vidoleni kwa ajili ya 'kura' na 'kula', kwa hivyo aibu hiyo naijua kwa jina. Lakini wewe bana, uliona mistari tisa imepangwa kwa utaratibu, kila mmoja chini ya mwenzake, na haikukujia kwamba kuna mtu aliyefikiri? Wanjala hakukosea. Wanjala aliwasikiliza akina mama wa kwao, akaandika wanavyosema ili mashine iwasikie. Kuuliza si ujinga, na namba yake ulikuwa nayo. Khisa naye alitabasamu kwa sababu alikuwa amechoka kuchekwa. Hukuuliza hilo pia.

Hiram ni mumeo na anakupenda, lakini mwambie upepo haujapita, umetua nyumbani kwa Nakhumicha. Yeye ndiye anayesalimia watu wasiosimama.

Kwa hivyo kesho asubuhi, kabla ya chai, ingia kwa Bwana Sifuna na ile historia ya programu ikiwa wazi, jina lako juu yake, umwonyeshe siku uliyofuta. Usianze kueleza shule wala mwalimu. Sema, 'Ni mimi,' kisha umpe kumbukumbu za ule mkutano zikiwa na nyongeza kwamba mhudumu hakuchelewa. Labda utafutwa kazi. Labda. Huo ni mshahara wa kitu ulichofanya, wala si yule mama wa kuupokea.

Siku hiyohiyo toa kila ujumbe ulioangukia mstari wa mwisho tangu mwezi wa pili, na kila mtoto aulizwe hali yake, mmoja mmoja, kwa miguu ikibidi. Na mstari wenyewe uubadilishe: programu isipoelewa mtu, isimwambie angoje nyumbani, imwambie ampigie muuguzi. Nani alikuambia kwamba usichokielewa si hatari? Ukilijaribu jedwali tena, usitumie maneno yako. Waite akina mama waandike wanavyoandika, na wewe ukae kimya. Bora zaidi waweze kuchagua dalili kwa kubonyeza, wasiandike kabisa, na hilo unaweza kulitengeneza kwa wiki moja.

Kwa Dinah utaenda, lakini uende na mkubwa wako na mtu wa kanisa, na usiende kutafuta msamaha. Enda kumwambia ukweli, kwa sababu usiku na mchana anajiuliza kama ni yeye aliyechelewa kuita jirani. Akikufukuza, ondoka. Akikupiga kelele, simama usikilize. Masikio ya Joy hayatarudi kwa barua yangu wala kwa machozi yako, na hilo utalibeba, mama, sina dawa yake.

Kwa Mama Nakhumicha usipeleke sukari kwanza. Peleka mkoba wake na simu yake, na katika ukumbi uleule ulipowaambia wasibishane na simu, watu wawe wamejaa, useme mbele yao kwamba aliandika sawasawa na mwenye kosa ni wewe. Ukimaliza hapo ndipo uende nyumbani kwake. Atatoka mlangoni akutazame, maana namfahamu mwanamke wa kwetu, na huenda akarudi ndani akafunga mlango. Lakini akisema 'kalibu', ingia.

Senge Edinah