Sukari ya Matonya

Jumatatu, 3 Machi 2025
Kinyama kimenitoka tena nikiwa chooni. Chekundu, chenye mikunjo, ukubwa wa ngumi ya mtoto. Nikakirudisha kwa vidole. Miaka mitatu najidanganya ni bawasiri! Mimi ninayewaumbua wakubwa magazetini — naogopa choo changu mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi
Hospitali. Daktari Yusra, ningeweza kumzaa. Mwezi uliopita aliniambia nichuchumae, nijikamue mbele yake aone. Nikamhubiria utu wa mgonjwa hadi akaghairi. Akanipima nimelala — hakuna kitu. Nikarudi nyumbani, Area D, najiona mshindi. Mpumbavu!

Leo nimechuchumaa. Kikatoka.

"Mama Angelina, hii si bawasiri. Ni puru, sehemu ya mwisho ya utumbo, imelegea inateleza nje."

Ninywe maji, nile mboga za majani, nisijikamue. Lakini kwa mtu mzima huko ni kutuliza tu. Kinachoponya ni upasuaji: utumbo unavutwa juu, unashonewa kwenye mfupa. Nimepangiwa Alhamisi ya wiki ijayo. Kisiporudi, au kikibadilika rangi, nisingoje hata saa moja. Utumbo hufa, kasema. Polepole, kama anamfundisha mtoto.

Ijumaa, 7 Machi
Nimesoma mtandaoni mpaka macho yanauma. Kila ukurasa unatisha kuliko uliopita. Mdogo wangu Matonya kapiga simu kutoka kijijini Gulwe — nikajikuta nimemwambia! Yeye tu. Binti yangu Angelina hajui, na ananifulia nguo.

Hakucheka. "Dada, ndama wangu alitokwa hivyohivyo. Nilimmwagia sukari, kikanywea, nikarudisha."

Nikamkejeli kuwa ni mganga wa zizini.

"Sawa, dada. Ila ndama alikubali kushikwa."

Jumapili, 9 Machi
Sikwenda kanisani. Benchi gumu, ibada ndefu. Nimempigia daktari ili anisaidie kumcheka Matonya. Kumbe! "Hata sisi hutumia sukari, hupunguza uvimbe. Ila hapa hospitali, mama. Siyo nyumbani."

Jumanne, 11 Machi
Asubuhi. Hakirudi. Nimejaribu mara nne. Kimevimba, rangi ya zambarau. Nimejifungia chumbani, nimekimwagia sukari yote ya chai. Nimelala ubavu, naandika nisije nikapiga kelele.

Dakika ishirini. Hakijanywea.

Angelina kagonga. "Mama, sukari iko wapi?"



Nimetazama kwa kioo. Ukingoni kuna weusi. Au ni kivuli?

"Mama! Unaumwa? Nimwite dereva Rajabu alete bajaji yake?"

Nimemjibu kwamba naandika, asinisumbue.

Hajaondoka. Naona miguu yake chini ya mlango.