Damu Yangu Kwenye Hadubini

Mwenzangu, uko wapi? Nimejifungia chooni hapa maabara.

Si unaujua utafiti wetu wa saratani ya damu? Walitaka damu ya mtu asiyeumwa, walinganishe na ya wagonjwa. Nikatoa yangu. Nilitoa huku nacheka.

Leo profesa katazama kwenye hadubini, akasema, "Mmechanganya. Hii ni ya mgonjwa."

Nikamwambia, "Hiyo ni yangu."

 

Akanitoa damu nyingine kwa mkono wake. Akatazama. Akavua miwani, akasema, "Kaa chini, mwanangu." Mwanangu! Hajawahi kuniita hivyo.

Mama anapiga tu simu, siwezi kupokea. Akisikia sauti yangu atajua. Njoo unichukue, tafadhali.