Kilo Sitini za Bi Mwanahamisi

Jumatano.

Kilo sitini! Bi Mwanahamisi wa Miono yuko mahututi, hajapandishwa kwenye mzani hata mara moja, lakini faili lake kila siku linasema kilo sitini, lishe nzuri. Kisa miguu imejaa. Ule ni uvimbe wa maji jamani, si unene! Leo nimezungusha utepe wa kupimia lishe kwenye mkono wake, nikakuta ngozi na mfupa.

Siku ya tisa sasa binti yake analeta uji, na kila siku anarudishwa nao mlangoni. Eti mama ana dripu, inamtosha.

Nikamfokea nesi: hizo kilo umezitoa wapi?

"Nimenakili za jana, dada."

Nikafunua kurasa kurudi nyuma, nimjue aliyeanza. Siku ya kwanza kabisa, hizo kilo sitini ni mwandiko wangu, na chini yake saini yangu, afisa lishe.