Nyuki Wetu Mnadani

Jumanne, 24 Juni 2025

Umetumwa! Meseji imeingia nikiwa namhudumia mteja wa vigae vya chooni. Nikapiga kelele. Mteja akadhani nimempunguzia bei.

Zaidi ya miaka miwili tangu mie na rafiki yangu Raudha tuuchangie mtandaoni mchezo huu wa mezani! Una jina la Kijerumani refu kama treni — sie tunauita Nyuki, basi. Unachezwa na watu wawili. Kila mmoja ana mizinga yake, msitu ni mmoja, maua hayatoshi. Tulipochangia ulikuwa michoro tu. Ndivyo inavyokwenda: watu mnachanga kwanza, zikitosha ndipo unatengenezwa. Mama anasema ni kama kuchangia harusi ya watu usiowajua, tena kadi hawakuletei.

Halafu visingizio. Kiwanda kimechelewa. Rangi ya mizinga haikukaa vizuri. Mtengenezaji kapata mtoto — nikamwandikia hongera kabisa. Kila barua pepe ikija Raudha ananipigia, tunaisoma pamoja, tunalalamika, tunacheka. Naona kule kungoja tu kulishakuwa nusu ya mchezo.

Leo kazi haikufanyika.

Jumamosi, 28 Juni 2025

Raudha amekuja kutoka Mtoni, kama kila Jumamosi. Tumecheza karata. Alikuwa anashinda bila kufurahi. Nikajua kuna jambo.

Kahamishwa. Zahanati moja huko Liwale. Muuguzi akipangiwa, anakwenda. Basi lake ni Jumatatu tarehe 21 Julai, alfajiri.

Mama alikuwa anachambua mchele. Akasema Liwale siyo mwisho wa dunia. Raudha akamjibu, "Kweli mama, ila nasikia ukiwa pale unauona." Tukacheka wote watatu. Alipoondoka nikaenda kulia jikoni.

Mie sina marafiki wengi. Wenzangu tuliosoma nao wana watoto, wana vikoba, wana waume wa kusubiri. Mtu mzima wa kukaa na wewe mchana kutwa mkibishania kipande cha mbao humpati hivi hivi. Raudha nilimpata chuoni na sijampata mwingine.

Sasa nataka kitu kimoja tu. Mzigo ufike kabla ya tarehe 21. Tuucheze pamoja mara moja! Nimemwomba Mungu. Nimeona haya kidogo kumsumbua kwa jambo hilo, lakini nimemwomba.

Alhamisi, 10 Julai 2025

Simu inasema: mzigo umefika posta. Umechukuliwa. Umechukuliwa na nani?!

Huku kwetu Tegeta barua haziletwi mlangoni, na sanduku la posta sina. Natumia la usharika, kanisani kwetu, kama nusu ya waumini. Nikapita ofisini baada ya kazi — kufuli. Katibu, Bwana Allen, hapokei simu. Lazima kauchukua yeye.

Nimemwambia Raudha umefika. Akapiga vigelegele huko huko kazini, nikamsikia mgonjwa akiuliza nani kajifungua.

Jumapili, 13 Julai 2025

Sijui nicheke au nilie.

Wakati wa matangazo. Mchungaji kasimama, meno yote nje, kainua boksi. Marafiki zetu wa Ujerumani wametukumbuka tena! Wamewaletea zawadi watoto wa Shule ya Jumapili! Makofi. Watoto wakaitwa mbele, wakaimba. Na boksi lenyewe — nyuki wa njano, nyuki wa bluu, msitu. Nyuki wetu!

Nimeelewa kilichotokea. Nilipokuwa najaza anwani, Bwana Allen mwenyewe ndiye aliyenielekeza: anza na jina la usharika, lako lifuate, la sivyo pale posta wataurudisha. Nikafanya hivyo. Wenye mchezo wakachapa mstari wa kwanza tu. Basi mzigo umetoka Ujerumani, jina ni la usharika, na usharika una marafiki Ujerumani. Hata mie ningedhani hivyo hivyo.

Nilitaka kusimama. Lakini Mama ni mzee wa kanisa, na ndiye aliyepewa nafasi ya kuombea zawadi. Kaufikisha mzigo madhabahuni, kafumba macho, kashukuru kwa sauti ile yake. Picha nilizomwonyeshaga miaka yote hii hakuzitazama hata moja!

Halafu wazee wakaona mchezo ni wa watu wawili na watoto ni kundi zima, watatoana macho. Bora uuzwe kwenye mnada wa Sikukuu ya Mavuno, Jumapili ijayo, fedha ziezeke darasa lao. Makofi tena. Nami nikapiga! Mikono ilipiga yenyewe.

Jumatatu, 14 Julai 2025

Nimemkabili Bwana Allen. Kaona aibu, masikini, mpaka kavua miwani.

"Dada Tusa, ungekuwa bado uko ofisini ningekupa sasa hivi. Lakini umeshaombewa. Hiyo ni sadaka sasa. Ukiutaka, unanunua mnadani kama wengine."

Siwezi kumlaumu, ndivyo tulivyo. Hata kuku uliyemtoa wewe, akishaombewa unamrudia kwenye mnada na unapandishiwa bei. Nikauliza kama nimwendee mchungaji. Akasema naweza, ila watoto wameshaambiwa habari ya paa. Sikwenda.

Jioni nikamweleza Mama. Akauliza, "Ndiyo yale manyuki yako?" Ndiyo, Mama. "Na mie nimeshukuru mpaka machozi!" Kacheka mpaka kakaa chini. Nimemkasirikia. Mpaka sasa nimemkasirikia.

Ijumaa, 18 Julai 2025

Nasikia Mzee Eliaichi, yule wa duka la vifaa vya ujenzi, anautaka. Kila mavuno hununua kitu kimoja kwa bei ya kutisha, kisha humkabidhi mchungaji mbele ya watu. Mwaka jana mbuzi. Mshahara wangu na Mzee Eliaichi, wapi na wapi!

Raudha nimeshamweleza yote, nimemkataza asije mnadani, ana mizigo ya kufunga. Nitapambana mwenyewe, nikiupata nitamfuata Mtoni jioni. Akasema sawa sawa, kakata simu upesi. Siyo kawaida yake.

Jumapili, 20 Julai 2025

Naandika upesi. Raudha yuko chumbani kwangu, anaswali Magharibi.

Mnada. Uwanja wa kanisa umejaa — mikungu ya ndizi, maboga, kuku, majirani waliokuja kununua mboga. Nilijibanza nyuma ya turubai, kwa akina mama wa chai, nisionekane nikigombania mchezo kwa umri huu. Mwinjilisti kainua boksi. Mzee Eliaichi kataja bei. Nikaongeza. Mtu mmoja upande wa geti akaongeza. Nikaongeza. Akaongeza! Mzee Eliaichi akatikisa kichwa, akajitoa, na sie bado tunapandishana. Nilimchukia mtu yule ambaye hata simwoni.

Ndipo mwinjilisti akasema, "Haya, na dada wa hijabu ya kijani anasemaje?"

Hijabu ya kijani?! Nikachomoza kichwa. Raudha! Naye akaniona. Akaziba mdomo kwa mikono miwili. Alikuja kimyakimya aninunulie, iwe zawadi ya kuniaga, na sauti yangu hakuitambua kwa kelele za watu. Tumepandishana bei wenyewe kwa wenyewe mbele ya usharika mzima! Watu walicheka, wengine mpaka kushikana mabega. Bei yenyewe sasa hakuna kati yetu anayeiweza.

Mama akasimama. Akataja bei moja juu ya zote, kwa sauti ile ya kuombea. Hela anayodunduliza ajenge banda la kuku hiyo, naijua. Hakuna aliyemjibu. Mwinjilisti akamuuliza anamzawadia nani, maana kwetu anayenunua hivyo huwa ana mtu wake. Nilikuwa nimeshanyoosha mikono.

"Nampa Raudha. Mwanangu anasafiri kesho."

Nilifurahi. Na papo hapo nikaumia kama mtu aliyenyang'anywa. Miaka miwili, halafu Nyuki wanakwenda Liwale! Raudha alikataa, akasema ni wa Tusa, Mama akamwambia mtoto hakatai cha mzazi. Tukiwa njiani kurudi Mama akanivuta pembeni. Akasema ukibaki kwangu nitaufungia kabatini na kuutazama. Ukiwa kwa Raudha nitapanda basi kumfuata.

Basi tumeufungua hapa mezani. Harufu ya mbao mpya! Nyuki ni wadogo, mtu ameketi akawachonga hata mabawa. Nyuma ya kitabu cha kanuni kuna majina ya wote waliochangia, kurasa na kurasa. Mama kavaa miwani, kashuka na kidole jina kwa jina, mpaka akatupata kati ya Wajerumani. Kasoma kwa sauti: Raudha na Tusajigwe, Dar es Salaam. Kasoma mara ya pili. Ile habari ya kuchangia harusi ya watu hakuitaja.

Tumecheza tangu saa nane. Mchezo ni mzuri kuliko picha zake! Raudha ananiibia maua huku anaimba. Tumebishana kanuni moja mpaka Mama akatishia kutumwagia chai. Begi lake hajalifunga, na Mtoni ni mbali. Tumekubaliana mchezo huu ukiisha anaondoka.

Zamu ni yangu. Nimeshaona tangu kabla hajaenda kuswali: nyuki wangu wa njano akitua kwenye ua lile jekundu, nimeshinda, imekwisha.

Mama kapita. Hajui hata kanuni moja, lakini kauliza mbona sichezi.

Namsikia Raudha anakunja mswala. Nyuki ninaye mkononi. Natafuta pengine pa kumweka.