Besi ya Kabati la Bibi

Chanika, Handeni
11 Februari 2024

Mpwa wangu Hafsa,

Pokea salamu za mjomba wako, uzigawe hapo nyumbani, za mama yako ziwe nyingi zaidi. Sisi huku tunaendelea. Mgongo unauma kwa sababu ya kubeba spika za watu tangu ujana, na mahindi yamekauka yakiwa magotini, lakini uzima upo. Mama Sharifu anakusalimu, anasema mke wa mjomba naye ni mtu, umkumbuke. Vipi wewe, kifua kimepona?

Simeo, dereva wa kosta, amenifikishia malalamiko yako, kwamba unanipigia simu sipokei, na nikipokea nasema haloo haloo kisha nakata. Mpwa wangu, simu za siku hizi ni za kitoto. Mtu anaongea kama yuko ndani ya mtungi. Mimi niandikie. Simeo anapita hapa kila siku, barua inaingia kwenye boksi la mzigo, inafika. Niliishia darasa la tano lakini mwalimu alilia siku naondoka.

Sasa hilo la kutaka kuwa dijei. Umemuuliza mwenyewe. Kabla yangu Handeni hii watu walikuwa hawajui besi ni nini. Mwaka tisini na nane nilipiga mziki Mkumbara, pale barabarani. Nikafungulia, lori la mkonge likazimika lenyewe. Dereva akashuka, akafungua boneti, akaangalia, akaifunga, akaja kucheza. Kuku wa pale walitaga mara mbili siku ile. Muulize mtu yeyote wa Mkumbara mwenye umri wangu.

Unasema huna uwezo wa spika za dukani. Usinunue. Zile ni makaratasi yamepakwa rangi nyeusi. Mimi ninazo zile spika mbili za duara, kubwa, nilizozitoa kwenye baa iliyofungwa. Sumaku zake bado zinang'ata. Zinataka maboksi tu, na mbao zipo: kabati la marehemu bibi yako. Mninga mtupu. Mama Sharifu anauliza vyombo vitakaa wapi. Vitakaa chini, sahani haichoki kukaa.

Wewe tafuta mikisa ya kuchanganyia nyimbo na kompyuta. Mengine niachie. Nitazipima kwa sikio langu hili hili. Fundi mmoja aliwahi kupanda basi kutoka Tanga kuja kunisikilizisha redio yake, nimwambie tu inaumwa wapi, kisha akarudi.

Habari njema nyingine, mbu wamekwisha huku. Nalala sisikii hata mmoja. Ila naamka mikono imevimba, labda ni kunguni.

Ni mimi mjomba wako,
Sabiri Mhina


Manundu, Korogwe
20 Februari 2024

Mjomba, shikamoo.

Natumaini hujambo na mgongo umetulia. Kwa Mama Sharifu naomba radhi, shikamoo yake hii hapa. Kifua kimepona, sasa mikono ndiyo imebabuka kwa sabuni. Bado nafua mashuka ya gesti. Nikirudi nyumbani nakaa kitandani na viatu vyangu, nashindwa hata kuvivua. Mama anasema kabati lile aliahidiwa yeye, lakini amesamehe.

Mikisa nimepata kwa kijana aliyekuwa anahama. Upande mmoja umekufa, kwa hiyo napiga kwa ule mzima. Kompyuta ameniachia Mwalimu Enock, kioo chake kimelegea, nimekikaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Waya naokota hapa na pale. Jirani akitupa pasi mbovu, mimi ninao waya wake.

Mjomba, sasa nikueleze kwa nini nina haraka. Shughuli zetu za kumtoa mwali unazijua, mwanamume haingii. Watu wanavua mitandio, wanacheza wanavyotaka. Madijei wote ni wanaume, wanaishia getini, na ndani kinapigwa kiredio cha flashi ambacho waliokaa nyuma hawakisikii. Nimemfuata Mama Ikram, ndiye anayesimamia shughuli za akina mama kuanzia hapa hadi Mashewa. Aliniangalia mikono kwanza. Kisha akasema, "Haya, tutakujaribu mara moja. Mara moja tu, mwanangu, mimi sina muda wa kuona watu wakijifunza."

Ni Mashewa, Jumamosi ya pili baada ya Idi. Nikipatia, shughuli zote ni zangu na mashuka nayaacha. Nikiharibu, ndiyo basi.

Naomba spika zifike mapema, nizijaribu.

Mpwa wako,
Hafsa


Chanika, Handeni
25 Machi 2024

Hafsa mwanangu,

Ramadhani karimu. Sijui mnafuturu nini huko, sisi ni muhogo na chai, na tunashukuru. Afya si mbaya. Nimechoka tu, kuchoka kwa kawaida.

Kazi imeenda. Kufunga na randa mkononi si mchezo, jasho linatoka na maji huruhusiwi. Mninga ule mgumu, nimevunja misumeno. Ningekuwa mtu mwingine ningeacha, ila mimi niliwahi kutengeneza boksi Kwashemshi kwa mlango wa kanisa, walioniletea ni wazee wa kanisa wenyewe, na kwaya ikaimba milima ikaitikia. Hilo Wasambaa hawataki kulisema kwa sababu ya wivu.

Besi imekaa. Nikiweka kiganja juu ya boksi, mapigo yanapanda hadi kwenye bega. Hapo sina wasiwasi.

Zilizonisumbua ni twita, vile vispika vidogo vya sauti nyembamba. Siku hizi wanatengeneza dhaifu sana. Nilifunga moja kila boksi, nikasikiliza, kama haipo. Nikaongeza ya pili. Bado. Nikavua vile vikapasita vinavyoizuia sauti, nikaunga waya moja kwa moja. Sasa ziko nne kila boksi, na ndiyo kwanza nasikia kitu kwa mbali. Dukani hawawezi kukupa twita nne.

Majirani wameanza roho mbaya. Mzee Hiza amehamishia futari yake kwa mdogo wake, anadai watoto wanalia. Mama Sharifu naye kila nikijaribu anajifunga kitenge masikioni, anasema kichwa. Ni saumu hiyo. Nimemwambia apumzike.

Simeo atakuletea. Nimemwambia akibeba maboksi haya asipakie mayai.

Mjomba wako,
Sabiri


Manundu, Korogwe
22 Aprili 2024

Mjomba, shikamoo.

Habari za tangu Idi? Sisi wazima. Mvua imetufungia ndani, mashuka hayakauki.

Maboksi yalifika Ijumaa jioni, umeme haupo. Sikuyajaribu. Jumamosi nilikodi pikipiki ya magurudumu matatu hadi Mashewa, tope hadi kwenye ekseli, mimi nimekumbatia boksi moja na mama amekumbatia jingine. Tukawasha jenereta. Ua umejaa, mwali ameshapambwa, Mama Ikram amesimama mbele yangu kafunga mikono.

Nikafungulia.

Besi, mjomba, sina la kusema. Vikombe vilitembea mezani. Lakini huku juu ilitoka sauti kama mtu anaburuta bati kwenye sakafu ya saruji. Sijawahi kusikia kitu kama kile. Mwali aliziba masikio, hina ikamwenea mashavuni. Watoto walikimbia. Bibi mmoja aliuliza, "Nani anachinjwa?" Watu wakacheka, na kucheka kwenyewe sikukusikia, niliona meno tu. Nikagusa kila kitufe cha mikisa, na unajua upande mmoja umekufa. Mama Ikram akanishika bega. "Zima, mwanangu. Zima."

Nikakata nyaya za twita kwa meno, sikuwa na koleo. Boksi la pili waya ulikuwa umeingia ndani sana, nikauvua mtandio wangu nikausokomeza kwenye matundu. Tukaendelea hivyo hivyo hadi jioni, besi tupu na waimbaji kama wamefunikwa blanketi. Walicheza, kwa kuwa mwali ni wao. Kuondoka, Mama Ikram akasema, "Tutakuita." Mjomba, unajua mtu anavyosema tutakuita.

Leo nimerudi kwenye mashuka.

Sikuandikii kwa ugomvi. Nimechoka kugombana. Lakini naomba unijibu kitu kimoja. Ulipokuwa unayajaribu hayo maboksi, wewe ulikuwa unasikia nini?

Mpwa wako,
Hafsa


Manundu, Korogwe
9 Juni 2024

Mjomba wangu, shikamoo.

Hujambo? Simeo kila siku ananiambia hana barua. Nilianza kudhani unaumwa, nikampigia Mama Sharifu. Ameniambia unakula, unalala, na koleo zako umezifungia kwenye sanduku. Ameniambia pia kwamba adhana unaijua kwa kuangalia watu wakipita kwenda msikitini. Usimgombeze, nilimbana mimi.

Lile swali sitakuuliza tena.

Nikupe habari. Twita nimezitoa, nimebakiza moja moja, na fundi Laurenti wa sokoni amenirudishia vile vikapasita. Sasa waimbaji wanaimba. Boksi sikugusa hata msumari. Laurenti aliligonga kwa vidole, akazunguka nyuma, akaligonga tena, akauliza, "Huyu aliyelitengeneza bado anafanya kazi?" Nikamwambia ndiyo.

Na Mama Ikram ameniita, mjomba. Kweli ameniita. Anasema bibi zake wa Mashewa hadi leo wanasimulia jinsi ile ngurumo ilivyowapanda kupitia kwenye mkeka. Ameniwekea sharti lile lile, mara moja tu. Safari hii ni binti yake mwenyewe, hapa hapa Manundu, Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, kwenye ule ua wa ukuta wa tofali karibu na reli.

Huwezi kuingia, unajua. Lakini Simeo na madereva wengine watakuwa nje wakisubiri wake zao. Maboksi yako nitayaegemeza kwenye ukuta wa upande wa barabara.

Mpwa wako,
Hafsa


Chanika, Handeni
1 Julai 2024

Mpwa wangu Hafsa,

Salamu nyingi. Mimi mzima. Mama Sharifu mzima, na sijamgombeza, ingawa nilikuwa na haki.

Barua yako ya Aprili niliisoma nikaiweka. Niliwahi kujibu barua za mawaziri mwanangu, lakini hiyo ilinishinda. Nilikaa nje hapo kwenye benchi nikiangalia midomo ya watu. Watu wanaongea sana, sikujua. Mzee Hiza alipita akanisimulia jambo refu, nikatikisa kichwa mahali pote nilipoona panafaa, akaenda zake ameridhika. Ndivyo nilivyokuwa nafanya muda mrefu. Inachosha kuliko kubeba spika.

Jumamosi nilikuja. Hukuniona, na mama yako hakuniona, nilimkataza Simeo. Nilivaa kofia. Tulisimama pale nje na wale madereva, wanakunywa kahawa, wananiuliza mambo, nikatikisa kichwa.

Kisha nikasogea ukutani nikaweka kiganja. Nikaweka na cha pili. Madereva wakaanza, sijui walisema nini, Simeo akawajibu wakanyamaza. Ukuta ulikuwa umelala. Nikafikiri nimechagua tofali baya, nikahama. Halafu ukaanza.

Hafsa, ulianza polepole, huna papara, hilo umelipata kwangu. Wimbo wa kwanza ulikuwa mzito, wa pili mwepesi. Hapo katikati ukasimama kidogo nikashtuka, nikasema mikisa imekufa na upande wa pili. Haikuwa hiyo. Ikarudi, na miguu ya watu ikaja pamoja nayo, niliisikia hadi kwenye magoti. Nikamwambia Simeo, sasa wanamtoa mwali. Akasikiliza, akanitikisia kichwa kwamba ndiyo, akafanya ulimi hivi mdomoni, kunionyesha kwamba ni vigelegele.

Vigelegele sikuvisikia. Nakwambia wewe tu.

Nilikaa pale hadi viganja vikafa ganzi. Simeo anasema ulipiga hadi jioni na hakuna aliyetoka ameziba masikio. Anasema pia alipomfuata mkewe getini, Mama Ikram alikuwa anakutajia tarehe za shughuli na wewe unaziandika kwenye mkono wako kwa kalamu. Nunua karatasi. Ule mkono utaunawa.

Sasa sikiliza. Mambo ya twita mpe huyo Laurenti, kazi ndogo ndogo zimfae naye. Besi ni yangu. Sanduku la koleo nimelifungua. Kitanda cha bibi yako nacho ni mninga, na Mama Sharifu ameshaanza kupiga kelele, naona mdomo unavyokwenda, lakini kwa bahati mbaya sisikii.

Na mwenye ule ua akikuuliza kuhusu ufa kwenye ukuta wake upande wa barabara, usikatae. Mwambie haukuwapo Ijumaa. Mwambie ni mjomba wako, yule wa Mkumbara.

Ni mimi,
Mjomba