Saa Alizopunguziwa Bi Zuhura

Walthamstow, London
Machi 2007

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba, na Mama naye umfikishie shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma. Mgongo unaendeleaje tangu mavuno? Na yule ng'ombe aliyekuwa akiwapa wasiwasi, alizaa salama? Mimi ni mzima wa kutembea na kula. Najua ulimtuma dada Mghoi anipigie simu, na kadi yake ikaisha sijasema neno la maana. Si kwamba nilikuwa na shughuli. Baba, nimeaibika, na aibu hii kwa simu siiwezi. Ndiyo maana naandika.

Unajua kwamba niliporudi kutoka Iraki niliacha jeshi la hawa Waingereza nikaingia chuo kikuu kusomea ukadiriaji wa majengo. Nisilokwambia ni kwamba tangu nirudi, mshindo wowote wa ghafla unaufanya mwili wangu utende mambo bila kuniuliza. Mlango ukibamizwa, nimeshalala chini. Nilidhani yataisha yenyewe kama homa, sikumwambia mtu.

Sasa, chuo chetu hukaa kila mwaka kupanga bajeti ya mwaka unaofuata: vitabu kiasi gani, walimu wangapi, umeme, usafi, kila kitu. Mkuu wa ofisi inayopanga hayo ni mama mmoja wa makamo anaitwa Bi Pauline. Huyu mama aligundua kwamba sisi wanafunzi tuliotoka jeshini si haba, na wengi wetu huacha masomo katikati, lakini hakuna aliyewahi kututengea chochote kwenye mpango. Akaomba mmoja wetu aende akazungumze na kamati. Rafiki yangu Owen, kijana wa Wales aliyeacha mguu wake kulekule Iraki, akanisukuma mbele. "Nenda wewe," akasema. "Mimi nitakasirika, nitaharibu." Nilijivuna, Baba. Nilikupigia simu siku ileile, na nikasikia ulimwomba mchungaji alitangaze kanisani.

Siku yenyewe nilivaa suti. Chumba cha mkutano kiko ghorofa ya juu na lifti ilikuwa mbovu, kwa hiyo Owen, aliyekuja kunisikiliza, alifika ametota jasho. Mezani walikuwa maprofesa, Bi Pauline, na bwana wa fedha anayeitwa Whitcombe. Nilikuwa nimeamua kusema habari za watu wengine tu. Wenzangu hawapati usingizi. Wenzangu wanahitaji mtu wa kuzungumza naye. Wenzangu wamepangiwa madarasa ya ghorofani wasiyoweza kuyafikia. Walinisikiliza vizuri, hata Bwana Whitcombe aliweka kalamu chini.

Ndipo ikalia kengele ya moto. Hapakuwa na moto, mafundi walikuwa wanaijaribu tu.

Nilipojitambua nilikuwa chini ya meza. Tena si peke yangu. Nilikuwa nimemvuta Bi Pauline kutoka kwenye kiti chake, nimemlalia, mkono wangu umemfunika kichwa, nawapigia kelele wengine walale chini. Miwani yake ilikuwa imevunjika. Chai ilikuwa inatiririka kutoka mezani, inaingia kwenye kola yangu. Kengele ilikuwa imenyamaza zamani, kilichokuwa kinasikika ni sauti yangu.

"Imekwisha," Bi Pauline akaniambia polepole, kama anayembembeleza mtoto. "Mwadime, imekwisha. Unaweza kuniachia."

Nikamwachia. Na nilipoinuka, Baba, nikajua kwamba nilikuwa nimejikojolea. Watu wazima wale wote wamesimama, wengine wanatazama dirishani ili wasinitazame mimi. Nilitoka bila kuaga. Kwenye treni nilisimama mlangoni hadi mwisho wa njia, nimeshika gazeti mbele ya suruali.

Nimepanga chumba kwa Bi Zuhura, mjane wa Kizanzibari, nyuma ya soko. Jioni yeye hufanya usafi palepale chuoni petu. Alinifungulia mlango, akanitazama mara moja, akasema, "Maji ya moto yapo," akaenda zake jikoni. Tangu siku ile sikwenda darasani. Nilijifungia chumbani, naye akawa ananiwekea sahani mlangoni. "Mwanangu, wali huo, usile uliopoa."

Aliyenitoa ni Owen. Ngazi za nyumba hii ni nyembamba na zina kona. Nilimsikia akipanda, mguu mmoja ukikanyaga na ule wa bandia ukiburutwa, akisimama, akianza tena. Mimi mwenye miguu miwili nimelala kitandani. Alipoingia hakuweza kusema mpaka pumzi zimrudie.

"Kamati imeahirisha," akasema. "Wanakutana tena Alhamisi. Yule wa fedha anasema hajaelewa tunataka nini hasa."

"Nirudi pale baada ya niliyoyafanya?"

"Umefanya nini? Umemkinga mama wa watu."

"Nilijikojolea, Owen."

Akasema, bila kunitazama, "Mke wangu amehamia chumba cha mtoto. Nampiga ngumi usingizini. Asubuhi naona alama usoni mwake na sikumbuki." Akasimama kwa kushika ukuta. "Haya, sasa tunajuana. Njoo Alhamisi."

Nilikwenda. Bi Pauline alikuwa na miwani mpya, akanipisha nikae karibu na mlango. Bwana Whitcombe akauliza, na aliuliza kwa adabu, "Hawa wenzako unaowasemea, ni wangapi wenye shida hii kweli?"

"Wote siwajui," nikajibu. "Ninayemjua ni mimi." Nikaeleza. Macho nikayaweka mezani mpaka nikamaliza. Hakuna aliyecheka. Kamati ikakubali, na yaanze mwaka huuhuu: mshauri wa kuzungumza na sisi, chumba cha utulivu, na madarasa ya watu kama Owen yahamishiwe chini. Tulitoka pale kama tumeshinda mechi.

Ningetamani habari iishie hapo, Baba.

Siku si nyingi baadaye nilirudi jioni nikamkuta Bi Zuhura amekaa jikoni na koti lake la kazini, hajalivua. Si kawaida yake kuwapo nyumbani saa hizo.

"Wametupunguzia saa," akasema. "Mimi na nusu nzima ya wenzangu. Jioni hatutakiwi tena, ila siku mbili tu."

"Kwa nini?"

"Wanasema fedha zatakiwa kwengine. Ati kuna mpango wa wanafunzi waliotoka jeshini."

Alisema hivyo bila ubaya wowote, kama anayenipa habari. Hakujua. Ningeweza kunyamaza. Nikamwambia, "Bi Zuhura, mpango huo niliuomba mimi."

Aliinuka akakoroga mchuzi, akakoroga kwa muda mrefu ingawa moto ulikuwa umezimwa. Kisha akanipakulia kama siku zote, nyama akaniwekea nyingi kuliko yake. Kile chakula sikujua nikimeze vipi.

Kesho yake nilikwenda ofisini kwa Bi Pauline. Alipoona uso wangu alifunga mlango. "Si mimi niliyechagua pa kukata," akasema. "Lakini nilijua patakatwa mahali, na sikukuambia. Nilitaka utoke pale ukiwa na furaha." Nikamwomba akina Bi Zuhura warudishiwe saa zao. Akasema atalipeleka kwenye kikao kijacho, na mimi na Owen tumepita madarasani tukiomba wanafunzi watie sahihi. Mpaka leo hazijarudi. Sijui kama zitarudi.

Mshauri naye akaanza kazi. Nikapewa siku yangu, sikwenda. Nikapewa nyingine, sikwenda. Ningekaaje kwenye kile kiti, nikijua jioni za nani zimekilipia? Lakini usiku nilikuwa bado naamka nikipiga kelele, na kuta za nyumba hii ni nyembamba.

Asubuhi moja Bi Zuhura akaniuliza, "Huyo mtu wako wa mazungumzo, ushakwenda?"

"Naona haya."

"Haya za nini?"

"Analipwa kwa saa zako."

Baba, nilikuwa sijawahi kumwona mwanamke yule amekasirika. Aliweka kikombe chini mpaka chai ikaruka. "Saa zangu zishakwenda! Wewe ukikaa hapa na haya zako, ndo zimenirudia? Umezichukua, kisha wazitupa! Inuka. Vaa viatu."

Akajifunga mtandio, akanishika mkono, tukapanda treni pamoja hadi chuoni. Alinifikisha hadi mlangoni kwa mshauri, akakaa kwenye benchi ya nje, palepale kwenye ukumbi aliokuwa akiupiga deki. "Mimi nipo hapa," akasema. Wanafunzi wakapita wakimwangalia, hakuwajali.

Niliingia. Nikakaa kwenye kile kiti, nikasema kidogo. Nilipotoka alikuwa bado yupo.

"Umesema?"

"Nimesema."

"Yote?"

"Bado."

"Basi wiki ijayo twaja tena." Na tulikuja tena, na tunakuja mpaka sasa. Usingizi umeanza kuwa usingizi. Aibu yenyewe haijaondoka, kila nikimwona yupo nyumbani jioni naisikia.

Msalimie sana Mama, na umsomee yale unayoona anaweza kuyasikia. Nisalimie dada Mghoi, umwambie nitamlipia ile kadi ya simu kwa kumpigia mimi. Salamu kwa mjomba fundi cherehani, kwa shangazi wa mlimani, na kwa mchungaji aliyelisoma jina langu mbele ya watu. Wakikuuliza kanisani nilizungumza nini kwenye kamati, sikupangii la kuwajibu. Ukiwaambia ukweli sitakulaumu, na ukinyamaza nitaelewa.

Sijui kama mtoto anaruhusiwa kumwandikia baba yake mambo kama haya. Ukiona hayafai, ichome barua, ila uniandikie japo mstari mmoja, nijue kwamba uliisoma yote.

Mimi mwanao,
Mwadime